Pori Lililobadilishiwa Jina

Kwetu Ngara mtu akisema "pori" hamaanishi mahali pa kupunga upepo. Nilipokuwa sekondari, basi la Mwanza lilikuwa linasubiri askari wenye bunduki ndipo liingie msitu wa kuelekea Biharamulo, na abiria wananong'onezana kona walikotekwa watu. Kwa hiyo Julai 2019, Rais Magufuli alipozindua Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, mimi kilichonishika kwanza ni maneno. Mapori ya akiba matatu, Biharamulo, Burigi na Kimisi, yaliunganishwa kuwa kilomita za mraba 4,707 zenye jina jipya. Miti ni ile ile. Vilivyobadilika ni vitenzi: kwenye pori la akiba mwenye kibali na fedha zake anawinda, kwenye hifadhi ya taifa unatazama, unapiga picha, unalala kambini, unaondoka.

Baba mdogo wangu analima upande wa Kimisi. Nilipomwambia twende tukatalii alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, nilipe nikamwone nyani? Nyani mwenyewe anakuja shambani kwangu na halipi."

Alikubali niliposema nalipa mimi. Na hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo matangazo ya utalii wa ndani huwa yanaliruka. Kiingilio cha Mtanzania, kwa shilingi, mtu anaweza kujikakamua akakilipa. Gari ndiyo shughuli! Huwezi kuingia kwa bodaboda kwenye nyati na tembo, na gari la kukodi kwa siku moja linakula pesa ya gunia kadhaa za maharage. Unaweza kumhimiza mwananchi atembelee hifadhi yake mpaka koo likauke, lakini bila basi la Jumamosi kutoka Ngara mjini au Biharamulo, haendi.

Ndani, baba mdogo hakushangaa twiga. Alikuwa anatafuta miti. Aprili 1994, ndani ya kama saa 24 tu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, na Benaco ikawa mji wa mahema. Watu wale walihitaji kuni za kupikia, na walihitaji nyama. Anasema alikuwa anasikia mashoka toka alfajiri. Baadaye ikaja mifugo, makundi kwa makundi, mpaka ikaondolewa kwa operesheni. Kwa hiyo nikisikia mgeni analalamika kwamba Burigi hakuna wanyama kama Serengeti, nakereka kidogo. Pori hili limetoka wodini juzi.

Sitaki ng'ombe warudi mle, na hili nimeshabishana nalo na ndugu zangu wa damu. Lakini pale karibu na Ziwa Burigi, viboko wakikoroma, baba mdogo alionyesha mti mmoja akautaja kwa Kihangaza, akaeleza gome lake linatibu nini. Akaomba abandue kidogo, ampelekee mama mdogo.

"Hairuhusiwi, mzee wangu," askari akasema, kwa upole kabisa.

"Najua. Nimeuliza tu."

Kimya kidogo. Halafu yule kijana, ambaye kwao ni mbali na Kagera, akatoa kidaftari mfukoni. "Umesema unaitwaje ule mti, mzee?" Baba mdogo akamtajia polepole, silabi moja moja, akamsahihisha mara mbili.

Sasa ana namba yake ya simu.