Ukija Hispania, shuka Sanlúcar

Ndugu na jamaa wakija kunitembelea Madrid huwa wameshajipangia kila kitu: Barcelona kwa ajili ya kanisa la Gaudí na uwanja wa mpira, kisha San Sebastián, kwa kuwa wamesikia huko ndiko kunakoliwa vizuri kuliko kote. Siwabishii. San Sebastián kunaliwa vizuri kweli. Lakini Agosti utapanga foleni na watalii wenzako, bei ya chumba itakutoa jasho, na mhudumu hatakuwa na nafasi ya kukueleza kilichomo kwenye sahani. Mimi huwaambia wapunguze siku za Barcelona, waende Sanlúcar de Barrameda.

Mji huu uko mkoa wa Cádiz, pale mto Guadalquivir unapoingia baharini. Ng'ambo ya mto ni hifadhi ya Doñana. Magellan aliondokea hapa mwaka 1519, na mwaka 1522 ikarudi hapa Victoria, meli ya kwanza kuizunguka dunia. Wapenda historia watapata chao. Mimi nazungumzia kamba. Katika mtaa wa Bajo de Guía, mikahawa imejipanga kando ya maji, na kamba huchemshwa kwa maji ya chumvi tu, wakaletwa hivyo hivyo, bila mchuzi wala mbwembwe. Huuzwa kwa uzito, kwa hiyo kabla ya kuagiza tazama kama bei iliyoandikwa ni ya kilo au ya gramu 100. Bili imewahi kuwashtua wengi.

Kuna na tortillita de camarones: uduvi wazima, wenye maganda yao, waliochanganywa na unga wa ngano na wa dengu, kitunguu na kotimiri ya kizungu, kisha wakamiminwa kwenye mafuta ya moto mpaka ukingo ukawa mwembamba na mkavu kama lesi. Mtu wa Pwani akiiona ataiita bajia. Halafu papa mdogo, cazón, aliyelazwa kwenye siki, kitunguu saumu na bizari nyembamba, akapakwa unga na kukaangwa. Shangazi yangu wa Tanga alionja kipande, akatafuna kwa makini, kisha akauliza mchuzi wake uko wapi.

Watu huniuliza nachaguaje mji. Sitazami nyota za Michelin. Nauliza hapo kunatoka nini, na kinatoka mwezi gani. Tudela, kule Navarra, nenda majira ya kuchipua, mboga zikiwa changa. Barbate nenda Mei, jodari wakiwa wanapita kuingia Mediterania. Lodosa nenda msimu wa pilipili za piquillo, zinazochomwa motoni na kumenywa kwa mkono bila kugusa maji.

Logroño nao hauhitaji kuufikiria sana. Katika mtaa wa Laurel baa zimebanana, na nyingi zina kitu kimoja kilichozipa jina. Bar Soriano ni uyoga: vichwa vitatu vya moto vimepangwa juu ya mkate, juu yake kamba mdogo, na mchuzi wa kitunguu saumu unakutiririkia mpaka kwenye kiganja. Unakula umesimama, unalipa, unahamia mlango wa pili. Anayeagiza shibe kwenye baa ya kwanza hajui alikokwenda.

Sasa, sisi pia tunajua vizuri mji upi una nini. Mchele wa Kyela, dagaa wa Kigoma, senene wa Bukoba, asali ya Tabora, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Lakini vitu hivyo huwa tunaagiza. Ukisema unakwenda Mbeya, kabla hujafunga begi umeshatumiwa hela za mchele na watu watatu. Sijawahi kusikia mtu amepanda basi kwenda Kyela kula wali. Na akienda, hotelini ataletewa chipsi kuku, zile zile alizoziacha Morogoro.

Si kwamba Kyela hawajui kupika. Kwetu chakula kizuri kiko jikoni kwa watu, na hukipati mpaka uwe mgeni wa mtu. Nenda Lamu au Pemba ukiwa na mwenyeji, utakula mpaka uombe msamaha. Nenda bila mwenyeji, utakula kile mpishi anachodhani wageni hukipenda. Mhispania ni kinyume chake: waweza kufahamiana naye miaka bila kuuona mlango wake, maana sebule yake ni baa. Bibi yupo, mtoto yupo kwenye kigari, na saa nne usiku hakuna anayeharakisha kurudi. Kwa hiyo hata mgeni asiye na ndugu hapo anakula walacho wenyeji. Hilo nawaonea wivu, ingawa sibadilishani nao shangazi.

Kwa asiyekula nguruwe, miji ya pwani ina nafuu zaidi. Bara, nguruwe hujificha kwenye mboga: artichoki huja na vipande vya jamón, maharage huja na soseji. Ukisema huli nyama unaweza kuletewa saladi iliyojaa jodari na mhudumu akaona amekutendea haki. Hata pwani, uliza mafuta yamekaangia nini kabla ya samaki wako.

Na saa zao zizoee mapema. Chakula cha mchana ni saa nane au saa tisa. Baada ya hapo majiko mengi hufungwa mpaka saa mbili na nusu usiku. Jumapili usiku na Jumatatu sehemu nyingi hazifunguki kabisa. Treni haifiki Sanlúcar: shuka Jerez, panda basi, na ufike kabla ya saa nane.