Alama ya Kiganja

Binti yangu aliifungua bunduki ya marehemu babu yake juu ya meza ya jikoni, Jumapili moja ya Oktoba 2022, nami nikabaki nimesimama mlangoni kama mtu aliyekuta kaburi linafukuliwa. Alikuwa ametandika taulo kuukuu. Skrubu alizipanga kwenye kisahani cha chai, moja moja, kwa mpangilio anaoujua mwenyewe. Kitako cha mbao ya mjozi kilikuwa kimeshatolewa, kimelazwa pembeni. Kando yake, ndani ya boksi, kulikuwa na kitako kingine: cheusi, cha plastiki ngumu, cha kurefushwa na kufupishwa kama mguu wa kamera.

"Shikamoo, Baba," alisema bila kuinua macho.

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Naitengeneza."

Neno hilo lilinichoma. Kinachotengenezwa ni kibovu, na mimi kwenye bunduki ile sikuwahi kuona ubovu.

Ni Marlin 336, ya risasi za .30-30. Baba mkwe wangu aliinunua mwaka 1971, akiwa kijana wa kiwandani, akaibeba misituni kaskazini mwa Michigan kila tarehe 15 Novemba, siku msimu wa kulungu unapofunguliwa, mpaka miguu ilipomkatalia. Alifariki 2019. Wanawe wapo, lakini bunduki alimwachia mjukuu, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Ndiye aliyekuwa akiamka naye saa kumi alfajiri.

Kwa ambaye hajaiona: chini ya bunduki hii kuna wenzo wa chuma uliopinda, wenye nafasi ya kuingiza vidole. Ukiusukuma chini na mbele, ganda lililotumika linaruka kutoka ubavuni. Ukiurudisha, risasi nyingine imekwisha kupanda na kukaa mahali pake. Risasi hulala kwa foleni ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, pua ya moja ikigusa fataki ya mwenzake aliye mbele, na ndiyo maana tangu zamani wenye bunduki hizi hutumia risasi za pua butu. Yenye ncha kali inaweza kumlipua mwenzake kwa mtikisiko tu. Kifyatulio cha Marlin yetu kina rangi ya dhahabu. Upande wa chini wa kitako pamepachikwa kiduara cheusi na cheupe, kama jicho la kuku, na binti yangu alipokuwa mdogo alikuwa akilifunika jicho hilo kwa kidole gumba ili bunduki ilale.

Sasa jicho lilikuwa linatazama dari ya jikoni, na mbele ya mtutu palikuwa panangoja kishikio cha aluminiamu nyeusi chenye matundu na reli ya meno ya msumeno. Mtindo huo umeenea sana Marekani. Kampuni ya Henry ilitoa bunduki zake nyeusi za wenzo mwaka 2020. Marlin nao wana zao. Smith & Wesson walileta ya kwao 2024 na kuiita 1854, kwa kukumbuka mwaka ambao Horace Smith na Daniel Wesson walipata hataza ya silaha yao ya mwanzo ya wenzo. Zipo sababu za sheria pia: katika majimbo kama New York, tangu 2013, bunduki zinazojipakia zenyewe na zenye sura ya kijeshi zimebanwa sana, na ya wenzo imebaki huru. Lakini kwa wengi sababu ni macho. Wanataka kitu cha babu kionekane kama cha komando.

Nilimwambia binti yangu maneno ambayo ningependa kuyarudisha. Nilimwambia anamvua babu yake nguo. Hakunijibu. Aliendelea kufuta mafuta kwenye skrubu, na kwa siku kadhaa tukawa watu wa salamu tu.

Siku hizo nilikaa na hasira yangu, na nilipoichunguza vizuri nikaona ina mizizi mahali nisipopatazamia. Mapenzi yangu kwa bunduki za wenzo hayakuanzia Michigan kwa baba mkwe. Yalianzia Dar es Salaam, sinema ya Avalon, miaka ya sabini, mimi na ndugu zangu tumebanana kwenye viti tukimtazama John Wayne. Tulikuwa tukitoka pale tukiokota vijiti njiani na kuvizungusha mkononi. Hiyo ndiyo asili niliyokuwa nikiitetea mbele ya mtoto wa watu wenye bunduki. Nayo ilishonwa kwa ajili ya kamera. Kile kitanzi kikubwa cha wenzo alichozungusha John Wayne katika filamu ya Stagecoach ya mwaka 1939 kilitengenezwa makusudi, ili mkono mmoja uweze kuigeuza bunduki hewani. Bunduki yenyewe ni Winchester ya mwaka 1892, na katika hadithi ile Geronimo, mpiganaji wa Apache, bado yuko vitani, ilhali alijisalimisha 1886. Leo kitanzi kile kinauzwa madukani, na mnunuzi anakwenda nacho nyumbani akiamini amenunua mambo ya kale.

Basi nikajiuliza: katika kitu tulichorithi, ni nini hasa kinachorithiwa?

Kisa kilichonifungua macho ni cha Winchester. Model 94, aliyoibuni John Browning, ilikuwa bunduki ya kulungu ya Wamarekani kwa vizazi, ziliuzwa mamilioni. Mwaka 1964 kampuni ilipunguza gharama. Vipande vya ndani vilivyokuwa vikichongwa kutoka kwenye chuma kizima vikaanza kukatwa na kugongwa kutoka bapa la chuma. Ukiitazama ukutani usingeona tofauti kubwa: umbo ni lile lile, mbao ile ile ya mjozi, jina lile lile. Lakini mtu aliyeuvuta wenzo alisikia kitu kimelegea, kinacheza. Wanunuzi wakanung'unika, na hadi leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, iliyotengenezwa kabla ya 1964 inauzwa ghali kuliko iliyofuata. Nguo ilibaki, mwili ukabadilishwa ndani yake.

Marlin nayo ilipitia yake. Kampuni ya Remington iliinunua mwishoni mwa 2007, na mwaka 2011 wakafunga kiwanda cha North Haven, Connecticut, kazi ikahamishiwa New York. Mashine zilisafiri, mafundi wengi hawakusafiri. Wale walikuwa wameishi na mashine chakavu miaka mingi, wanajua hii inapinda kidogo kushoto, ile inataka kusukumwa kwa goti, na ujuzi huo haukuwa kwenye michoro. Bunduki zilizofuata zilikuwa na mbao, na lile jicho la kuku lilikuwepo, lakini wanunuzi walilalamika kwa miaka kwamba vipande havikutani sawasawa. Mwaka 2020 kampuni ya Ruger walilinunua jina la Marlin, wakaanza kazi upya kwenye kiwanda chao, na sasa wanatoa za mbao na nyeusi, zote zimefungwa barabara.

Nilipoyapima haya niliona aibu, kwa sababu nimeyaona pia nje ya bunduki. Nimekaa kwenye harusi ambapo kila kilemba kilikuwa mahali pake, ubani unafuka, kanzu zimepigwa pasi, na mzee mmoja wa ukoo hakuongeleshwa na mtu usiku kucha. Nimesimamia mimi mwenyewe desturi nyingi za nyumba yangu ugenini kwa namna hiyo: mtoto asiposema shikamoo nilikasirika, lakini ni mara ngapi niliitika marahaba na kuketi kumsikiliza? Tunailinda sura kwa sababu inaonekana, na inalindika kwa kelele. Kilicho ndani kinataka kushikwa kila siku.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi, na sitalipitia haraka. Watu wa mbao husema mtindo wa kikomando unaigeuza bunduki ya kuwindia kuwa silaha ya kuulia watu. Nilisema hivyo na mimi. Lakini bunduki ya wenzo ilikulia vitani. Henry ya 1860, ya risasi 16, ilitumika katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Tarehe 25 Juni 1876, katika mapigano ya Little Bighorn, baadhi ya wapiganaji wa Lakota na Cheyenne walikuwa na Henry na Winchester za kupiga mfululizo, huku askari wa jeshi la Marekani chini ya Custer wakipakia risasi moja moja. Kwa bunduki za ukoo huo huo, walowezi waliichukua nchi ya watu hao kipande kwa kipande. Na kwetu? Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alishuka Mombasa akiwa na Winchester ya 1895, ya .405, bunduki aliyoipenda kwa simba. Safari ilipokwisha, yeye na mwanawe Kermit walikuwa wameua wanyama 512. Mbao ya mjozi ilikuwepo siku zote hizo, imepakwa mafuta, inang'aa. Uzuri wake umetusahaulisha mengi. Bunduki nyeusi angalau haimdanganyi mtazamaji kuhusu inachoweza kufanya.

Hata hivyo sikubali kwamba sura haina maana. Jicho linafundishwa na kinacholizunguka, na kijana anayeizoea bunduki iliyovikwa zana za vita anaweza kuizoea na fikra ya kwamba adui yupo kila kona. Hofu hiyo ninayo, nami naishi katika nchi inayozika watoto wa shule.

Siku ya nne nilishuka jikoni nikamwomba anieleze. Alifurahi mpaka nikaona uchungu. Alinionyesha kwanza shingo ya kitako cha mbao: ufa mrefu kama kidole, na babu alikuwa ameufunga kwa waya mwembamba, kisha akaupaka rangi ya viatu usionekane. Sikuwahi kuuona. Akanishikisha bunduki begani. "Babu alikuwa mrefu, Baba. Mimi mikono yangu ni ya kwako." Kitako kipya anakifupisha mpaka shavu linakaa penyewe. Nukta nyekundu ya kulengea ni kwa mwanga hafifu wa alfajiri. Akaniambia Marlin hutoa ganda ubavuni tangu karne ya 19, juu pamefunikwa kwa chuma kizima, kwa hiyo mahali pa kufunga kioo cha kulengea palikuwepo kabla babu hajazaliwa. Mtutu alishaupeleka kwa fundi ukachongwa nyuzi za kufungia kiwambo cha sauti, na kiwambo alikuwa amekilipia kodi ya dola 200, iliyotozwa wakati huo kwa sheria ya 1934.

"Kiwambo cha nini? Unataka kumficha nani?"

"Masikio yangu."

Nikamkumbuka baba mkwe katika miaka yake ya mwisho, mezani siku ya sikukuu, akitabasamu kwa mazungumzo asiyoyasikia, akiitika pale anapoona midomo imetulia. Tulimpigia kelele, yeye akidhani tumekasirika. Milio ya kiwandani na ya msituni ilimla masikio taratibu, naye hakuwahi kuweka kitu sikioni, maana wakati wake haikuwa desturi.

Mwisho kabisa alitoa tochi nene ya kufungwa kwenye reli. Nikamwuliza hiyo ni ya kazi gani, kwa kuwa kulungu hawawindwi usiku. Aliigeuza mkononi, akafikiri kwa haki kabisa. "Hii nilinunua kwa sababu ilikuwa kwenye picha," alisema, akairudisha ndani ya boksi. Nilimpenda sana dakika ile. Nadhani kipimo chake kinanitosha na mimi: alichokihitaji mwili wake alikiweka, cha picha alikirudisha. Ile reli ya meno bado inanichukiza, na nimemwambia.

Kitako cha zamani kiko kabatini mwake, na waya wake.

Kitu kimoja hakukigusa. Katikati ya bunduki ya wenzo, mbele kidogo ya kifyatulio, ndipo uzito wake unapolingana, na ndipo mwindaji huishika akitembea, mkono umening'inia. Chuma cha pale, chini na pembeni, kilikuwa cheusi chenye wingu la samawati kilipotoka kiwandani. Kiganja cha baba mkwe, jasho na mafuta na theluji ya misimu zaidi ya 40, vimeila rangi yote. Pamebaki weupe laini, kama sarafu iliyozunguka mikononi mwa watu wengi, na kingo zake zinafifia polepole kuingia kwenye weusi. Fundi aliyechonga nyuzi alijitolea kuipaka bunduki nzima rangi mpya, kwa bei nafuu. Binti yangu alikataa.

Tarehe 15 Novemba nilikwenda naye, mara yangu ya kwanza tangu mzee afariki. Theluji ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu. Alinifunga fulana ya rangi ya chungwa kama ninavyokumbuka kumfunga yeye vifungo vya shule, akatangulia. Bunduki ilikuwa nyeusi, fupi, ngeni, na mdomo wa kiwambo umetazama chini. Kulipopambazuka alisimama kwenye ukingo wa mierezi kusikiliza, akavua glovu ya mkono mmoja, akaibadilisha bunduki kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, maana yeye ni mashoto. Vidole vyake vilitafuta kidogo kwenye chuma, vikafika pale peupe, vikatulia.