PT wiki ya sita: tundu moja tu

Mlionipigia kuuliza kama kweli nimesimamisha kiwanda: wadau, mwanafunzi wa PT hasimamishi hata feni. Ila kasheshe lipo, na chanzo chake ni tundu ambalo hata halijatobolewa.

Kiwanda chenyewe sikitaji, bado nataka sahihi kwenye logibuku. Kinasafisha mafuta ya kula. Mafuta yanapashwa moto kwenye kibadilisha joto: silinda ya chuma yenye mabomba membamba kibao ndani. Mafuta yanapita ndani ya mabomba, mvuke unayazunguka kwa nje. Ubavuni kuna kibati chenye alama ya ASME, presha ya juu inayoruhusiwa, joto, namba na mwaka.

Walitaka kuongeza mdomo wa inchi 4 ili mvuke uingie sehemu mbili. Nikapewa kazi ya kuchora. Mzee wa weldi angetoboa Jumamosi, Jumatatu mzigo unaanza.

Nikamwambia, "Mzee wangu, tukitoboa hapa kile kibati kitakuwa kinasema uongo."

Akacheka. "Mwanangu, nimeanza kuchomelea hujazaliwa. Haitavuja hii."

Na kweli isingevuja, jamaa ni noma. Lakini kutovuja ndiyo hoja ndogo kuliko zote. Presha inauvuta ukuta wa silinda pande zote, kwa hiyo kile chuma unachokitoa kilikuwa na kazi. Kanuni za ASME, Sehemu ya VIII, zinataka uonyeshe kwa hesabu kwamba nguvu hiyo imerudi kuzunguka tundu: ama ukuta una unene wa ziada, ama unaongeza pete ya chuma. Fundi awe amefanyiwa jaribio, na achomelee kwa utaratibu ulioandikwa. Halafu unajaza maji na kupandisha presha hadi mara 1.3 ya ile inayoruhusiwa, na zaidi ikiwa chombo kitafanya kazi kwenye joto linalopunguza nguvu ya chuma. Ni maji kwa sababu hayabanwi kirahisi kama hewa. Likipasuka unalowa, hurushwi.

Kuna na hili ambalo hakuna aliyeliwaza: mvuke ukiingia kwa kasi unayapiga yale mabomba membamba. Ndiyo maana mara nyingi mdomo wa asili una bati la kukinga kwa ndani. Huu wetu mpya ungekuwa nalo? Kimya.

Wenzetu Marekani wanatenganisha kutengeneza na kubadilisha. Kutengeneza ni kukirudisha chombo kilivyokuwa. Kubadilisha ni kugusa uwezo wake wa kubeba presha, na hata kupandisha ile namba ya presha kwenye karatasi, bila kushika nyundo, kunahesabiwa.

Basi bosi mmoja akaja na wazo: tusikiguse chombo kabisa, tuweke kingine sambamba, na valvu kwenye mabomba ili kimoja kikifanya kazi kingine kisubiri. Watu wakapiga makofi. Mimi nikakumbuka Geismar, Louisiana.

Kiwanda cha Williams kilikuwa na vibadilisha joto viwili, vyote vikifanya kazi pamoja, vikilindwa na valvu ya usalama iliyokuwa juu ya mnara. Mwaka 2001 wakaongeza valvu kwenye mabomba ili kimoja kiwe cha akiba. Hakuna aliyetoboa silinda. Lakini ukizifunga hizo valvu, kile cha akiba kinabaki peke yake, hakina njia ya kufika kwenye valvu ya usalama. Miaka 12 ikapita salama. Tarehe 13 Juni 2013 kile cha akiba kilikuwa na propani ya maji ndani, bila watu kujua. Wakafungulia maji ya moto. Propani ikatanuka, haikuwa na pa kwenda, na baada ya kama dakika tatu chuma kikapasuka. Watu wawili walikufa, 167 waliripotiwa kuumia. Ripoti ya CSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali, iko mtandaoni, isomeni.

Nilimpelekea injinia ile ripoti pamoja na hesabu yangu ya pete. Alisoma amesimama. Kazi imesitishwa hadi michoro ipitiwe na mkaguzi aone.

Sasa sehemu isiyonipa usingizi. Laini moja imelala, na vibarua wa kupakia wanalipwa kwa siku. Jana dada mmoja aliniuliza, bila hasira kabisa, "Mdogo wangu, hiyo hesabu yenu inaisha lini?" Nikasema labda Alhamisi. Mimi huku nasubiri bumu, yeye anasubiri unga. Bado naona tundu lile lisitobolewe hivi hivi, ila gharama ya kusubiri wangeigawa vizuri zaidi, maana bosi mshahara wake haujalala.

Mzee wa weldi alininunia siku mbili. Leo mchana kaja na karatasi, anataka kujua ile pete upana wake nimeupataje. Tumekaa nayo hadi saa kumi.