Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Siku Saba na Wageni Kutoka Mumias



Shule zifungapo, nyumba za Pwani hupokea wageni. Magodoro hutandikwa ukumbini, masufuria makubwa huteremshwa, na watoto hulala wanne kitanda kimoja bila kunung'unika. Hiyo ni neema, na pia ni kazi. Katika likizo iliyopita tulikaa siku saba na familia ya marafiki zetu kutoka Mumias, tukatembea nao Mji wa Kale wa Mombasa, vilima vya Shimba na magofu ya Gede. Tunaisimulia safari hiyo kwa faida ya familia zitakazopokea wageni likizo ijayo, na kwa ajili ya swali moja ambalo nyumba nyingi hazijiulizi: wageni wanapotembezwa, ni nani anayebaki jikoni?

Baina ya Mumias na Pwani mna udugu wa kale. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa Pwani ilipofika kwa Wawanga ilipokelewa katika mji wa Nabongo Mumia, ikapumzika na kulishwa, na Uislamu ukaota mizizi huko. Kwa hivyo tulipowapokea wenzetu katika stesheni ya reli ya Miritini, baba, mama na watoto wanne, tulihisi kwamba tunalipa deni la wazee wetu.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba takrima kubwa ya mgeni ni mchana mmoja na usiku wake, na kwamba ugeni ni siku tatu; kinachozidi hapo ni sadaka. Akamkataza mgeni naye asikae hadi akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Wazee wetu nao wakasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayeyatazama maneno haya kwa haraka hudhani ya pili ni ya ubakhili. La. Yote mawili yanalinda jambo moja, nalo ni kwamba ugeni usigeuke mzigo, mapenzi yakaondoka.

Siku ya kwanza hatukwenda popote. Aliyetoka Mumias hadi Nairobi kwa basi, kisha Mombasa kwa treni, haki yake ni maji ya kuoga, chakula na usingizi. Familia nyingi hukosea hapa; mgeni hajavua viatu, tayari amepakiwa garini kupelekwa ufuoni.

Siku ya pili, jua lilipopoa, tuliingia Mji wa Kale kwa miguu. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 ilipoanguka mikononi mwao. Waingereza wakaja wakaifanya jela, ikabaki jela hadi 1958. Tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Watoto walivutiwa na mizinga, lakini sisi tuliwapeleka mbele kidogo, kwenye Msikiti wa Mandhry wenye mnara mweupe mnene. Msikiti huu hutajwa kuwa ni wa mwaka 1570 hivi. Maana yake ni kwamba watu walikuwa wakisujudu hapa kabla ya jiwe la kwanza la ngome kuwekwa. Ngome imekuwa ya huyu na ya yule, na leo ni makumbusho. Msikiti bado unaadhiniwa. Mtoto wa rafiki yetu, wa miaka kumi na mmoja, aliliona hilo mwenyewe kabla hatujamwambia, nasi tukamshukuru Mola.

Jioni ile, tukinywa kahawa chungu kwa halwa, tulipanga safari ya Shimba Hills. Shangazi yetu, mwenye umri wa miaka sitini na minne, ndiye mshika funguo za jiko letu. Alizaliwa upande wa Matuga, na kila alfajiri ya utoto wake aliviona vilima vile kwa mbali. Kama ilivyo desturi ya mama zetu, alisema: "Nyinyi nendeni salama. Mimi nitawapikia biriani, mrudi mkute chakula tayari."

Mama wa kutoka Mumias akaweka kikombe chini. "Shangazi," alisema, "maporomoko ya maji hata kwetu yapo. Sisi tumekuja kukaa na nyinyi. Usipokwenda wewe, nami nabaki nawe jikoni."

Shangazi akacheka, akataja magoti yake, akataja mchele uliokwisha kuchaguliwa. Mgeni hakulegea. Basi siku ya tatu ikawa kweli siku ya jembe, na jembe letu lilikuwa mwiko. Wageni walishika jiko. Wakatupikia kuku kwa namna ya kwao, na sima ngumu ya kushikika mkononi. Usiku wanaume wakamenya viazi, vijana wakakunja sambusa, mabinti wakasukuma mahamri, na chakula cha safari kikawa tayari kabla ya kulala. Kazi ambayo mtu mmoja angeifanya tangu alfajiri hadi adhuhuri ilimalizwa na watu wengi kwa saa mbili, tena kwa kicheko.

Siku ya nne tulivuka kwa feri ya Likoni baada ya alfajiri, tukapinda Kombani na kupanda kwenda Kwale. Hifadhi ya Shimba Hills ndiyo mahali pekee nchini Kenya palahala anapoishi porini, yule paa mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma kama jambia. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, kwa hivyo ni vyema mtu alipie kabla na abebe kitambulisho chake. Kwenda kwenye Maporomoko ya Sheldrick huandamana na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa kuwa ndovu na nyati ni wenyeji wa hapo. Njia huanza kwenye nyasi zilizo wazi, kisha huteremka msituni takriban kilomita mbili. Kuteremka ni rahisi. Kupanda ndiko kunakompima mtu.

Akina dada wengi hutuuliza kuhusu mavazi ya safari kama hii. Jibu ni jepesi. Gauni pana lisilofika kisigino, suruali ndani yake, mtandio uliofungwa vyema na viatu vya raba vinatosha. Sitara imetimia na mguu uko salama. Buibui refu linaloburura ni hatari kwenye mizizi na mawe. Wala asione mtu kwamba kutembea na kuchangamka hakumfai mwanamke mwenye heshima. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) akiwa safarini alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), Bibi Aisha akashinda, na safari nyingine, miaka ikiwa imepita, Mtume akashinda yeye, akamtania mkewe kwamba sasa wamelipana.

Askari alimweka Shangazi mbele, na sote tukafuata mwendo wake. Tulikumbuka jinsi Mtume (s.a.w.) alivyowaagiza maimamu wawahurumie walio dhaifu nyuma yao, na safari nayo ina imamu wake. Vijana waliotaka kukimbia wakajifunza kungoja. Tulipofika, maji yalikuwa yakianguka kutoka zaidi ya mita ishirini, na ubaridi wake ukatupiga usoni. Wanaume tukajitenga nyuma ya miamba pamoja na askari, tukawaachia wanawake na mabinti nafasi yao. Shangazi alikaa juu ya jiwe, miguu majini, muda mrefu bila kusema neno. Kisha, kama tulivyosimuliwa baadaye, alisema: "Vilima hivi nimeviona mgongo tangu utoto. Leo nimeviona uso."

Njiani kupanda alipumzika mara sita. Hakuna aliyehesabu kwa kulalamika.

Siku ya sita tulikwenda Gede, kiasi cha kilomita mia moja kaskazini mwa Mombasa. Hapa pana suala la swala ambalo wasafiri huchanganyikiwa nalo. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, wageni waliokusudia kukaa siku saba Mombasa walikuwa wakaazi tangu walipofika, wakaswali kamili. Shimba Hills haifikii masafa ya kupunguza, kwa hivyo sote tuliswali kamili huko. Lakini Gede imevuka masafa hayo, ambayo ni kama kilomita themanini na kidogo. Tukapunguza sote, wenyeji na wageni, tukajumuisha adhuhuri na alasiri. Atakayeswali nyuma ya imamu mkaazi atimize rakaa nne.

Mji wa Gede ulikuwa wa Waislamu, wenye nyumba za mawe, visima na misikiti. Watu waliuhama katika karne ya 17, msitu ukaufunika. Mwaka 2024 uliingizwa katika urithi wa dunia. Mna kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 Hijria, sawa na 1399. Tulisimama hapo tukawasalimia watu wa makaburini kama tulivyofundishwa. Msikiti mkubwa una kisima chake na mahali pa kutawadhia. Kasri ina ua wa kupokelea watu. Wachimbuzi walikuta vyombo vya kaure kutoka Uchina, ushahidi kwamba mji huu ulijuana na watu wa mbali sana. Kima wanaruka juu ya kuta, na mizizi ya miti imekumbatia milango. Mji umekwisha, na yanayoonekana ni mahali pa kuswalia, mahali pa kuteka maji, kaburi, na mahali pa kupokelea mgeni. Mwenye nyumba na azingatie.

Twarudi kwenye swali letu. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba heshima ya mgeni hupimwa kwa idadi ya sahani, na sahani zina mwenye kuzibeba. Salman al-Farisi (r.a.) amepokea katazo la kujikalifisha kwa ajili ya mgeni. Na katika Surat Hud, wageni walipomjia Nabii Ibrahim (a.s.), yeye mwenyewe aliwaletea ndama wa kuchomwa, na mkewe alikuwa amesimama pale pale. Bishara ya Is-haq alipewa yeye. Lau angefungiwa jikoni, bishara ingempitaje masikioni?

Basi nasaha yetu kwa familia ni hii. Mgeni apumzike siku ya kwanza. Chakula cha safari kipikwe usiku, kwa mikono ya wote, wanaume wakiwemo. Siku ya matembezi kisipikwe kitu nyumbani. Mkate na chai ya jioni si aibu. Na kabla gari halijaondoka, atazamwe nani hayumo ndani yake. Msemo wetu wasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mama wa nyumba naye ni mwenyeji.

Twamuomba Allah (s.w.) azijaalie nyumba zetu kuwa za takrima isiyo na dhiki, awalinde wasafiri wetu, na awalipe kheri mama zetu, shangazi zetu na dada zetu kwa kila walichotulisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.