Somo la Kuanguka

Nilipomaliza masomo yangu katika chuo cha ualimu nilipelekwa kufundisha historia katika shule ya kutwa ya wavulana na wasichana, upande wa Migori, si mbali na mji wa Rongo, mahali ambapo mashamba ya miwa hufika hata ukingoni mwa uwanja wa michezo. Kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko walimu wote, nilikabidhiwa pia timu ya raga ya wavulana.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuuona mchezo huu, raga huchezwa kwa mpira wenye umbo la yai. Mchezaji huubeba mikononi na kukimbia nao, lakini hana ruhusa ya kumrushia mwenzake aliye mbele. Hana budi kuurusha nyuma au ubavuni. Mpinzani humzuia kwa kumkumbatia kiunoni au miguuni na kumbwaga chini. Katika raga ya wachezaji saba kila upande, kila kipindi ni dakika 7 tu, lakini ni dakika za mbio zisizo na pumziko.

Kazi ya wasichana siku za mchezo ilikuwa kuteka maji, kuwashikia wavulana mashati yao, na kuimba. Desturi hiyo sikuianzisha mimi, wala sikupata kuihoji. Hata michezo ya wazee wetu Wajaluo, kama vile adhula, ambao ni mchezo wa mpira na fimbo, na olengo, yaani mwereka, ilikuwa ya wavulana na wanaume. Niliyaona mambo hayo kama mtu aonavyo mlima ulio mbele ya nyumba yake: upo, na hauulizwi kwa nini upo.

Jioni moja ya mwaka 2017, msichana wa kidato cha pili alinijia akiwa na mashati manne begani. Alisimama kwa adabu, akasema, "Mwalimu, naomba kuuliza. Je, iko sheria inayotukataza sisi kucheza?"

Sheria haikuwapo, na kwa hiyo nilimpa sababu. Nilimwambia kwamba mchezo ule ni mkali na mifupa ya wasichana ni myepesi; kwamba hawana mavazi yafaayo; na kwamba wazazi wao hawatakubali. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu, "Mwaka jana wanawake wa Kenya walicheza raga Rio de Janeiro. Mifupa yao ni ya chuma, Mwalimu?"

Alisema kweli. Mwaka 2016 raga ya wachezaji saba iliingizwa katika Michezo ya Olimpiki, kwa wanaume na kwa wanawake pia, na Kenya ilipeleka timu zote mbili. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezitazama mechi zile, lakini sikuwa nimezihusisha na mashati yale manne. Nilimwambia atafute wenzake. Juma lililofuata alikuja nao kumi na mmoja.

Sasa nafika mahali pa kosa langu. Niliwafundisha wasichana wale kukimbia, kudaka na kurusha, nao walijifunza upesi kuliko nilivyotazamia. Lakini sikuwafundisha kuangusha wala kuanguka. Wavulana nilikuwa nimewaangusha nyasini majuma matatu kabla ya mechi yao ya kwanza. Wasichana niliwaacha waguse tu mgongo wa mwenzao kwa kiganja, kisha mchezo ukasimama. Kila walipoomba zaidi nilisema, "Bado." Moyoni nilijiona muungwana. Nilidhani ninawahurumia.

Muhula wa pili tulialikwa kucheza Homa Bay. Tulisafiri kwa gari kupitia Rodi Kopany, wasichana wakiimba njia nzima, mara hii wakijiimbia wenyewe. Kilima cha Asego kilipoonekana walinyamaza kwa hofu na furaha. Wapinzani wao walikuwa wamefundishwa mchezo kamili. Katika dakika ya tatu msichana yule aliyeniuliza swali alipata mpira, akakimbia nao vizuri sana, na mpinzani akamkamata kiunoni kwa njia iliyo halali kabisa. Alipohisi anaanguka alifanya lile ambalo kila kiumbe asiyefundishwa hulifanya: alinyoosha mkono kuikinga ardhi. Uzito wa miili miwili ulipita katika mkono ule mpaka begani. Mfupa wa mtulinga, ule uliopo kati ya shingo na bega, ukavunjika.

Hakulia kwa sauti. Alinitazama tu, na ndani ya mtazamo ule hapakuwa na lawama, jambo ambalo lilinichoma zaidi.

Siku ya pili nilikwenda kwa nyanya yake, ambaye ndiye aliyemlea. Njiani nilitunga maneno mengi ya kujitetea: kwamba ajali haina kinga, kwamba mchezo ni mchezo. Nilipofika nilimkuta amekaa kivulini akichambua mboga, na maneno yale yote yakanikimbia.

"Mama," nilimwambia, "nimekuja kuomba radhi."

Alisema nami kwa Kijaluo. "Japuonj," alianza, na maana yake ni mwalimu, "mimi nimebeba mtungi wa maji tangu utoto wangu, nikipanda nao kilima. Hakuna aliyesema mifupa yangu ni myepesi. Lakini mama yangu hakunitwika mtungi siku ya kwanza. Alinitwika kibuyu. Akanionyesha namna ya kuiweka kata kichwani, namna ya kupiga goti, namna ya kunyanyuka. Mtungi ulikuja baadaye. Sasa nakuuliza wewe: mjukuu wangu ulimfundisha kuanguka?"

Nilijibu, "Sikumfundisha."

"Na wavulana je?"

"Wavulana niliwafundisha."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba mfupa ukipona atakuja mwenyewe shuleni kutazama mafunzo, na kama hataridhika, mtoto hatacheza tena.

Usiku ule usingizi haukunijia. Katika darasa la historia nilikuwa na kisa nilichopenda kukisimulia. Tarehe 26 Desemba 1920, watazamaji wapatao 53,000 walijaa katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool, kuwatazama wanawake wakicheza kandanda. Haukutimia mwaka mmoja, tarehe 5 Desemba 1921, Chama cha Kandanda cha Uingereza kikavifunga viwanja vya klabu zake kwa wanawake, kikidai kwamba mchezo ule hauwafai. Katazo hilo lilidumu karibu nusu karne. Nilizoea kuwacheka wakubwa wale mbele ya wanafunzi wangu. Sasa nilijiona mwenzao. Wao walifunga mlango. Mimi niliufungua nusu, na mlango uliofunguliwa nusu ndio ubanao vidole.

Tulianza upya. Tulijaza magunia majani makavu ya miwa, tukayafanya wapinzani. Niliwafundisha wasichana kila nilichowafundisha wavulana, neno kwa neno. Aangukaye aukumbatie mpira kifuani, akunje kidevu, atangulize ubavu na bega, ajiviringishe. Kamwe asinyooshe mkono. Aangushaye apinde magoti, mgongo uwe sawa, macho yawe wazi, kichwa kikae nyuma au kando ya mwili wa mpinzani, kisiwe mbele yake, na mikono ikaze kama kamba. Kwanza walianguka wakiwa wamepiga magoti, kisha wakichuchumaa, kisha wakitembea, na mwisho wakikimbia. Wavulana walicheka siku mbili. Siku ya tatu nahodha wao aliangushwa na msichana mwembamba, na kicheko kikaisha.

Nyanya alikuja kama alivyoahidi. Alikaa chini ya mti siku tatu, hakusema neno. Siku ya nne hakuja, bali alimtuma mjukuu wake akiwa amevaa kaptura aliyomshonea.

Mwaka uliofuata tulirudi Homa Bay kucheza na timu ile ile. Hatukushinda, walitufunga kwa pointi 12 kwa 5. Lakini nilihesabu mara ambazo wasichana wangu waliangushwa, nikafika ishirini na moja, na mara zote ishirini na moja waliinuka wazima. Zile pointi zetu 5 zilitoka kwake yeye aliyevunjika mtulinga. Alikamatwa hatua chache kabla ya mstari, akaanguka kwa bega, akajiviringisha, akainuka, akauchukua tena mpira na kuuweka chini ng'ambo ya mstari.

Wavulana na wasichana mnaosoma maneno haya, baadhi yenu mtakuwa walimu, wazazi na wakubwa wa kazi. Siku itakuja ambapo mtu atasimama mbele yenu kwa adabu na kuuliza kama iko sheria inayomkataza. Mkimkatalia bila sababu mtakuwa mmemdhulumu. Lakini mkimkubalia na kumnyima mafunzo kwa jina la huruma, mtakuwa mmemdhulumu mara mbili, maana mtakuwa mmempeleka vitani bila ngao, na akishindwa watu watasema, "Tuliwaambia." Huruma ya kweli haimwepushi mtu na kuanguka. Humfundisha mapema namna ya kuanguka, kisha humngoja ainuke.

Mashati ya wavulana sasa hutundikwa kwenye uzio. Hakuna mtu anayeyashika.