Kisii na Nyamira: Safari ya Kujuana

Sisi tuliozoea joto la pwani, baridi ya Kisii hutushitua. Migomba na mashamba ya chai huandamana vilimani hadi Nyamira. Huko Tabaka mafundi huchonga mawe laini yakawa vyombo na sanamu. Lililotugusa zaidi ni lugha: mgeni ni omogeni, nyumba ni enyomba, watu ni abanto. Tulikwenda ugenini, tukasikia jamaa za maneno yetu.

Vilima hivyo vizuri navyo vimeonja machungu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpakani mwa Borabu na Sotik majirani walipigana, nyumba zikachomwa, familia zikahama. Leo tukisikia habari za Sudan na Gaza, moyo huingia simanzi, nasi hudhani vita ni vya mbali.

Suratul Hujurat, aya ya 13, yatukumbusha kuwa makabila yapo ili tujuane. Basi, dada zetu, jirani wa kutoka bara aliyepanga mtaani kwetu tumjue kwa jina, tumjulie hali, tumpelekee sahani ya chakula. Amani haingoji wakubwa. Huanzia jikoni mwetu.