Bastola Kiunoni, Pikipiki Barabarani

Wacha niseme ukweli: mwaka huu nilitaka sana bastola. Binamu yangu aliye Texas hubeba Ruger LCP akienda kupiga kambi. Ni ndogo, bila risasi haifiki gramu 300, na bei yake si ya matajiri pekee. Usiku mmoja Suswa, fisi wakilia karibu na hema, niliitamani, yaani kabisa.

Halafu nikaanguka na pikipiki njia ya Magadi. Nilitua kwa nyonga, juu ya simu. Kioo kikawa unga. Nikawaza, je, ingekuwa bastola? Ingenivunja nyonga, ama ingechomoka iingie kichakani, kisha mtoto anayechunga mbuzi aiokote.

Hapo ndipo nilikwama. Si leseni, ingawa huku kwetu huwezi kuimiliki bila hiyo. Si eti risasi ya .380 haiwezi kutegemewa kumsimamisha nyati. Ni yule mtoto.

Siku hizi siendi peke yangu. Tuko watatu, tochi kali na filimbi. Uoga bado ninao, lakini ni wangu. Wewe je, ungebeba?